Pilau ya Mbaruku na Saa Iliyoruka

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo popote, na ndiyo maana naisimulia kwa mdomo mpana. Zilizopo zina wenyewe. Hii haina balozi wala ramani, na atakayesema ameitambua, basi huyo katambua ya kwake. Mimi simo.

Ilikuwa nchi yenye furaha nyingi, kwa amri. Ilikuwa na Mtukufu mmoja na mawaziri wasiohesabika, na mwaka ule ikapata na Mfumo. Mfumo ni mtambo wa kompyuta ulionunuliwa kutoka nchi moja ya barafu, mbali huko, ambako jua likitoka watu huacha kazi wakalipige picha. Uliletwa uendeshe kila kitu: kengele za shule, foleni za hospitali, taa za barabarani na malango ya magereza. Zamani mambo hayo yaliendeshwa na watu, na watu mnawajua, wana huruma, na huruma inachelewesha kazi.

Siku ya kuuzindua, Waziri wa Wakati na Subira ya Wananchi alisimama jukwaani akashika kiuno.

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo hakuna tena njoo kesho! Mfumo haulali! Hauli! Haupokei chai! Na zaidi ya yote, Mfumo hauna shemeji!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Injinia Lameki, fundi mkuu aliyepewa kazi ya kuufunga Mfumo, ambaye ni shemeji yake Waziri.

*

Sasa mtaani kwetu alikuwepo kinyozi, jina lake Mbaruku. Kibanda chake kilitazamana na baraza yangu, na baraza yangu haikuwahi kukosa watu. Ukikaa pale asubuhi moja unajua nani kaoa, nani kaachwa, na nani kajenga kwa mshahara upi. Mbaruku alinyoa huku akipokea habari, na mkewe Mwajabu alikaanga mihogo huku akizisambaza. Watu wema kabisa. Kasoro yao ilikuwa moja tu: Mbaruku alikuwa na saa ya mkononi, na aliiamini.

Siku moja Mtukufu alikuja kufungua choo cha soko. Tuliamriwa tuwe uwanjani tangu alfajiri. Jua likapanda, likatukalia utosini, likaanza kushuka. Watoto wa shule wakazimia kwa utaratibu mzuri, darasa baada ya darasa. Mtukufu hajatokea. Mbaruku akatazama saa yake, akamwambia jirani yake kwa sauti ya chini, "Huyu bwana kachelewa."

Jirani mwenyewe alikuwa jirani wa kuletwa na serikali.

Mahakamani hakimu alimwangalia kwa masikitiko. "Wewe unadai Mtukufu alichelewa?"

"Mheshimiwa, tuliambiwa saa moja asubuhi. Kafika saa tisa."

"Mtukufu hachelewi. Anapofika yeye, ndiyo saa moja. Ninyi ndio mliwahi. Na kumwahi Mtukufu bila kibali ni kosa jingine, ila leo nimeamka vizuri."

Akampa miezi mitatu. Zamani miezi mitatu ilikuwa miezi mitatu. Mtu akitubu na kufagia vizuri, bwana jela anamfungulia mlango wa nyuma siku mbili tatu kabla. Safari hii hukumu iliingizwa kwenye Mfumo, na Mfumo ni mtu wa haki. Ukaangalia hukumu imesomwa saa ngapi, ukaandika: atatoka siku fulani, saa sita na nusu mchana. Isiwe kabla wala baada.

*

Hapa lazima niwaeleze desturi yetu, msije mkatuona wajinga. Mtaani kwetu mtu akitoka gerezani haendi moja kwa moja nyumbani. Hulishwa palepale nje, ameligeuzia lango mgongo, na anayemlisha ni mkewe au mama yake, tonge kwa tonge. Watu wake wote wanakula naye, na haondoki mtu mpaka sufuria iishe, mpaka ukoko ukwanguliwe. Ukiondoka chakula kingalimo, gereza linakufuata nyumbani. Tumeyaona. Yupo mmoja alikula sahani moja tu akasema ana haraka. Hata mwezi haukuisha, alikuwa ndani tena.

Basi siku ilipofika Mwajabu alipika pilau kwenye sufuria inayobebwa na wanaume wawili. Tukatoka mtaa mzima na tarumbeta na ngoma, wanawake tumevaa kanga za sare. Tulifika langoni mapema, tukatandika mikeka. Juu ya lango palikuwa na kioo kikubwa cha Mfumo kinachoonyesha saa, na ndani ya kile kioo mlikaa sauti ya kike, laini, kama ya mtu aliyejifunza Kiswahili hotelini.

Katikati ya lango palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja. Mbaruku alikuwa amesimama nyuma yake, kabeba furushi, kanyoa ndevu.

"Mwajabu," akaita, "ina viazi?"

"Ina viazi, baba."

"Na ukoko umeniwekea?"

"We toka kwanza, nyie wanaume mna nini?"

Tukacheka wote, hata Afande Ngwembe, mkuu wa zamu pale langoni. Kioo kikasoma saa sita kasoro kidogo. Tarumbeta zikawekwa midomoni. Kikafika saa sita kamili, na papo hapo, bila kupepesa, kikaandika saa saba.

"Saa saba mchana," ikasema sauti. "Muda wa kuachiliwa umefungwa. Asante, karibu tena."

Mpiga tarumbeta mmoja, aliyekuwa ameshavuta pumzi, akaitoa hivyo hivyo bila wimbo.

"Afande," Mwajabu akasema, "mbona saa saba?"

"Ndivyo inavyosoma."

"Jua lile pale utosini!"

"Mama, jua si mtumishi wa serikali."

"Haya, saa sita na nusu iko wapi?"

"Haijafika."

"Itafika lini?"

"Imeshapita."

"Imepita lini, sisi tumekaa hapa?"

Afande akakuna kichwa chini ya kofia. "Haikupita," akasema, na masikini ya Mungu alikuwa anasema kweli.

Kwenye tundu Mbaruku alibaki na furushi lake kifuani. "Nisubirini," akasema, "huenda mtandao umekata tu. Nakuja." Tukasubiri mpaka pilau ikaganda mafuta. Pilau ya mtu asiyetoka hailiwi na watu wake; tukawaachia askari, maana wao hawana desturi. Waliisifu sana viungo.

*

Siku ile haikumkuta Mbaruku peke yake. Redio ya taifa haikusoma taarifa ya habari ya saa sita na nusu, kwa hiyo mchana ule hakuna jambo lililotokea nchini. Hospitali kuu mgonjwa aliyepangiwa kupasuliwa saa hiyo aliambiwa operesheni yake imekwisha, anyanyuke akapumzike nyumbani. Sala ya adhuhuri tu ndiyo haikuguswa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu alikuwa bado hajaunganishwa na Mfumo.

Baadaye ikajulikana. Kule barafuni, mwaka ukifika mahali, wana kawaida ya kuisogeza saa mbele kwa saa moja, wapate jua la jioni, maana kwao jua ni la kugombania. Miezi kadhaa baadaye wanairudisha nyuma. Hufanya hivyo usiku wa manane, watu wamelala, asisumbuke mtu. Mfumo ulipofungwa kwetu hakuna aliyeuambia kwamba umehama. Usiku wa manane wa kwao ni mchana wetu mweupe, nao ukaruka palepale, kwa uaminifu, kama ng'ombe aliyeuzwa anavyorudi zizini kwa bwana wake wa zamani.

Mtu mwingine angesema, si mzime tu huo mchezo? Tulisema hivyo hivyo sisi barazani. Waziri akaitisha mkutano na waandishi wa habari.

"Mfumo hauna kosa," akasema. "Mfumo umejaribiwa katika mataifa yaliyoendelea. Kosa ni la nchi. Mfumo uliporuka, nchi ilibaki nyuma. Tujiulize, ndugu zangu, kwa nini tulibaki nyuma? Uvivu!"

Mwandishi mmoja akauliza kama hakuna kitufe cha kuzimia.

"Kitufe kipo," akajibu Injinia Lameki kwa kiburi cha kitaalamu. "Ila kukibonyeza ni kukiri kwamba mwanzoni hakikubonyezwa."

Kwa hiyo ikawa rahisi zaidi kurekebisha katiba. Bunge likapitisha sheria kwamba nchi yetu, iliyo chini ya jua la utosi mwaka mzima, nayo itaruka mbele na kurudi nyuma pamoja na Mfumo, mchana, mbele ya watu. Siku ya kurudi nyuma ikafanywa sikukuu ya taifa, iitwe Siku ya Kurudishwa Saa. Wabunge wote waliunga mkono, na Mfumo ukaandika kwamba walipiga kura kabla ya kikao kuanza, jambo ambalo kwa kweli halikumshangaza mtu.

*

Mwajabu alikwenda ofisini kwa Injinia Lameki, nami nikamsindikiza, kwa sababu ya urafiki na kwa sababu nilitaka kuona samani. Zilikuwa nzuri. Injinia alitukaribisha vizuri, akatazama kompyuta yake, akatabasamu.

"Mama, mumeo hana tatizo. Muda wake wa kutoka uliangukia ndani ya saa ambayo haikuwepo."

"Kama haikuwepo, si mngemtoa saa saba?"

"Saa saba si muda wake. Tunaheshimu haki za mfungwa, mama. Hatuwezi kumtoa muda usio wake."

"Mwanangu," Mwajabu akasema, naye alikuwa bado ana sauti ya upole siku hizo, "yule mtu amemaliza kifungo. Hata huko ndani wamemfuta kwenye chakula, maana hesabu yake imeisha. Anakula kwa kuombaomba wenzake. Naomba unieleze kama vile unamweleza mama yako."

"Kama mama yangu? Basi sikia. Saa ile haikupotea, ilikopwa tu. Siku ya Kurudishwa Saa inarudi, nzima, na dakika zake zote. Nimemhamishia humo mumeo. Saa sita na nusu ya siku hiyo atatoka."

"Baada ya miezi saba?"

"Miezi saba si kitu kwenye kompyuta."

Tulipofika kwangu, baraza imejaa, watu wakitaka habari, Mwajabu akakaa kwenye ngazi akasema, "Jamani, mume wangu kakopeshwa nchi ya barafu." Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Halafu tukaona yeye hajanyamaza, na si kicheko tena, nikafukuza watu.

Miezi saba hiyo nisiwaambie. Kibanda cha Mbaruku kilikaa kimefungwa, na wanaume wa mtaani wakaota nywele kama watu waliofiwa. Kila Ijumaa Mwajabu alipeleka mihogo langoni. Afande Ngwembe aliipitisha kwenye tundu, kipande kimoja kimoja, akionja njiani.

*

Siku ya Kurudishwa Saa ilipambwa. Bendera kila nguzo. Waziri mwenyewe alikuwa uwanjani mjini, akiingoja saa irudi, apigiwe mizinga. Sisi tulikuwa langoni. Safari hii Mwajabu aliazima sufuria ya harusi, ile kubwa ya msikitini, akapika kama mtu anayelipiza kisasi. "Wale mpaka washindwe," alisema. "Amekonda yule. Akae, ashibe, watu wamwone."

Kioo kikasoma saa sita na nusu. Lango likafunguka lenyewe.

"Mbaruku, kinyozi," ikasema sauti ya hotelini, "umeachiliwa. Taifa linakupongeza."

Akatoka. Sijui niseme nini. Tarumbeta zilipasua anga, wanawake tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Mbaruku alikuwa mwembamba kama mwanzi, na macho yake yanamkwepa kila mtu. Mwajabu akamkalisha mkekani, akamgeuza mgongo kwa lango, akafinyanga tonge la kwanza akamtia kinywani. Wakatazamana. Mbaruku akatafuna polepole.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Ni machozi hayo, we mpumbavu, kula."

Basi shughuli ikaanza. Tukala, tukacheza, tukala tena. Afande Ngwembe aliketi pamoja nasi, kofia pembeni, kanunia kipande cha nyama kilichompita. Ile sufuria bwana! Unachota upande huu, upande ule hujaugusa. Na ndani yake, chini kabisa, ukoko ulikuwa unatungoja. Hakuna aliyetazama kioo. Kingesema nini tena?

Kilifika saa saba. Halafu, kama sheria ilivyotaka, kikarudi saa sita. Mjini mizinga ikalia. Tukashangilia na sisi, kwa nini tusishangilie? Saa imerudishwa. Tukaendelea kula, nayo saa iliyorudishwa ikaanza upya, dakika zake zote, kama Injinia alivyoahidi.

Ikafika saa sita na nusu.

Lango likafunguka lenyewe.

"Mbaruku, kinyozi," ikasema sauti, "umeachiliwa. Taifa linakupongeza." Kioo kikawaka nyekundu. "Mfungwa haonekani ndani. Mfungwa ametoroka kabla ya kuachiliwa. Askari wa zamu, una dakika tano."

King'ora kikalia. Afande Ngwembe aliruka na tonge mdomoni. "Aka! Hapana! Nimemtoa mimi!" akakipigia kelele kioo. "Huyu hapa! Anakula!"

"Dakika nne," ikasema sauti.

Afande akamgeukia Mbaruku, jasho linamtoka. "Kaka. Nisikilize. Mfumo hauna nia mbaya, haujakuona tu. Ingia ndani, usimame mlangoni, ukuone, ukutoe. Umemaliza."

Mbaruku aliacha kutafuna. Mkono wa Mwajabu, wenye tonge, ukabaki hewani.

"Haendi," Mwajabu akasema.

"Dada, asipoingia ataandikwa mtoro, atasakwa nchi nzima. Na mimi nitaingia badala yake, nina watoto. Dakika moja tu! Naapa kwa mama yangu mzazi, nitamshika mkono mwenyewe!"

Hapo ndipo watu wakaanza. Mnajua watu wanavyoanza.

"Ingia tu, Mbaruku, usiharibu shughuli."

"Si dakika moja? Umekaa miezi kumi!"

"Mwajabu mwachie mwenzio, mambo ya serikali haya yafuatwe, tusije tukabebwa wote."

"Nenda, kinyozi wetu, tunakungoja na ukoko."

Mbaruku alitutazama mmoja mmoja, mtaa wake mzima, vichwa alivyovinyoa vyote. Sijui alitafuta kichwa kipi. Akaosha mikono, akajifuta kwenye kanga ya mkewe.

"Ukoko usiguswe," akamwambia.

Akaingia. Afande alikuwa kamshika mkono kweli, kama alivyoapa. Mbaruku alipovuka kizingiti kioo kikawaka kijani.

"Mfungwa amekamatwa," ikasema sauti kwa furaha. "Alitoroka saa sita na nusu. Amerejeshwa saa sita na nusu. Hongera, askari."

Lango likajifunga, na Afande akabaki nje na mkono mtupu.

*

Zilizobaki ni habari za kheri. Afande Ngwembe alivikwa nishani na Waziri, kama askari pekee duniani aliyemkamata mtoro ndani ya dakika ile ile aliyotoroka. Alilia wakati wa kuvikwa, na magazeti yakaandika kwamba ni uzalendo. Siku hizi ni mkubwa makao makuu. Mihogo haonji tena.

Injinia Lameki alipoulizwa, alisema Mfumo ulifanya kazi vizuri mara zote mbili. Mbaruku aliongezewa mwaka mmoja kwa kutoroka, na kwa kuwa mahakama sasa ina ubinadamu, kifungo kilipangwa kimalizikie siku ya heri: Siku ya Kurudishwa Saa, saa sita na nusu mchana.

Pilau ile ilibaki langoni nusu sufuria. Desturi inajulikana, hatuwezi kusema hatukujua. Watu wakanyanyuka mmoja mmoja, huyu kaacha mtoto, yule ana mgeni. Mwajabu alikaa mkekani mpaka wenye sufuria walipokuja kuidai.

Baraza yangu ingali imejaa, ila Mwajabu akipita watu wanakumbuka kwamba chai inapoa, wanainamia vikombe. Yeye hasemi na mtu, isipokuwa mimi, kidogo. Juzi nilimkuta sokoni kwa wauza vyombo. Sikukuu imekaribia, bendera zimeshaanza kufungwa kwenye nguzo. Alikuwa anageuzageuza kijungu cha udongo, kidogo hivi, kinaingia kwenye kiganja, kile ambacho watoto wa kike huchezea mapishi.

"Shoga," nikamwambia, "hicho si kitapika tonge moja tu?"

"Moja linatosha."

"Na atakaa hamu imwishe vipi, mtu wa mwaka mzima?"

Akakigongagonga kusikia kama kina ufa, akamlipa muuzaji, akakitia kwenye mkunjo wa kanga.

"Hatakaa," akasema. "Safari hii atakula anakimbia."